MKAGUZI WA CHINI YA BAHARI

Mkulima wa Kimuli au wa Karagwe aliyejiunga na mpango wa Emiti Nibwo Bulora hapati malipo ya kaboni mpaka miti yake ikaguliwe shambani. Ikikauka, fedha huzuiliwa mpaka apande mingine. Ni haki.

Lakini makampuni makubwa yanayoizika hewa hiyo hiyo chini ya bahari hukaguliwa na nani? Huko Norway kaboni ya gesi ya Sleipner husukumwa miambani tangu 1996. Na Agosti 2025 mradi wa Northern Lights ulianza kuzika kaboni ya viwanda, kina cha mita 2,600 hivi. Hapana mwanakijiji awezaye kwenda kuchungulia.

Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2009 imempa mkaguzi meno. Sharti afike angalau mara moja kwa mwaka, mpaka miaka mitatu baada ya ghala kufungwa. Kisha kila miaka mitano, hadi serikali ipokee dhamana. Hewa ikivuja hangoji zamu. Mwenye mradi asipoziba, serikali huziba na kumdai gharama. Tena taarifa ya ukaguzi hutolewa hadharani katika miezi miwili.

Hili la mwisho ndilo tunalolitamani hapa kwetu. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022. Basi kila taarifa ya mkaguzi ibandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kabla fedha hazijagawanywa.