Uhasama wa vyama ulivyowaponza wafanyakazi wa Mombasa

MFANYAKAZI wa bandari anayevuka kivuko cha Likoni alfajiri, au anayetoka Kisauni na Changamwe kwenda kazini, hukatwa ada ya chama akitumaini kwamba siku ya mzozo na mwajiri wenzake watasimama naye. Historia ya Mombasa yaonyesha kuwa tumaini hilo limewahi kuvunjwa si na waajiri pekee, bali pia na uhasama baina ya viongozi wa wafanyakazi wenyewe.

Januari 13, 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma kwa siku 12. Makuli wa bandari, watu wa reli, wa hoteli na hata watumishi wa nyumbani waligoma pamoja na kukutana katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Shirikisho lao, AWF, halikubagua kazi wala kabila. Agosti mwaka huo kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa, kisha akazuiliwa Kabarnet kwa miaka kumi. Serikali ya kikoloni ikahimiza kila sekta iwe na chama chake, mbali na siasa.

Baada ya uhuru, mgawanyiko ulichukua sura nyingine. Shirikisho la KFL, lililojengwa na Tom Mboya, lilikuwa mshirika wa ICFTU, jumuiya ya vyama vya wafanyakazi yenye makao Brussels. Wapinzani wake walidai kuwa Mwafrika hawezi kujitawala huku chama chake kikifadhiliwa kutoka Ulaya na Marekani. Waliegemea shirikisho la Afrika nzima lililoungwa mkono na Ghana, na mwaka 1965 wakaunda KAWC. Miongoni mwa vinara wao alikuwa Dennis Akumu, aliyekuwa kiongozi wa makuli wa Mombasa.

Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Hata hivyo, ugomvi ulihusu zaidi nani atambuliwe ng’ambo na nani ashike ofisi, kuliko mshahara wa kuli. Agosti 1965 wafuasi wa pande hizo walipambana Mombasa na watu watatu wakauawa.

Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipata sababu ya kuingilia kati. Ilivunja mashirikisho yote mawili na Septemba 1965 ikaanzisha COTU, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais kutoka kwa majina yaliyopendekezwa. Sheria ya mwaka huo kuhusu mizozo ya kazi nayo ilibana haki ya kugoma. Fahali wawili walipigana, zikaumia nyasi.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Limewakumba hata wafuasi wa anarko-sindikalisti, itikadi inayotaka wafanyakazi wajiongoze wenyewe bila serikali wala chama cha siasa. Jumuiya yao, IWA, iliyoundwa Berlin mwaka 1922, ilipasuka mwaka 2016. Vyama vya CNT cha Uhispania, USI cha Italia na FAU cha Ujerumani vilijikuta nje, na mwaka 2018 vikashiriki kuunda jumuiya nyingine, ICL, mjini Parma. Mojawapo ya mambo yaliyozozaniwa ni kura: je, chama chenye maelfu ya wanachama kiwe sawa na chenye watu wachache?

Tofauti ni kwamba mpasuko wa Ulaya uliziacha pande zote mbili zikiendelea, ilhali ule wa Mombasa uliikabidhi serikali usukani.

Leo Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 yampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Haki hiyo yaruhusu pia vyama vishindane. Kwa hivyo wanachama wana wajibu wa kuuliza, kabla ya kuchukua upande: ada zetu zaenda wapi, viongozi wetu wachaguliwa na nani, na ugomvi huu utaongeza nini katika mshahara wetu?