Wingu la Kompyuta: Ghala la Taarifa za Chama

Neno "wingu", kwa mkulima wa pamba wa Kishapu au Chato, ni habari ya mvua. Linapotajwa katika mambo ya kompyuta huwapotosha wengi, kwani hakuna kitu kilichopanda angani. Wingu hilo ni majengo yenye safu za kompyuta ziitwazo seva, zinazofanya kazi usiku na mchana, ambamo watu na vyombo mbalimbali hukodi nafasi. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha nafasi za namna hiyo mwaka 2006. Hapa nchini kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, Dar es Salaam.

Mfano ulio karibu ni ghala. Mwanachama hupeleka pamba chamani, ikapimwa, akapewa stakabadhi. Pamba haiko tena nyumbani kwake, lakini haki yake ingalipo. Vivyo hivyo, katibu aingizapo taarifa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, taarifa hizo husafiri kwa mtandao hadi kwenye seva. Kompyuta ya ofisi ikiibwa, au mchwa wakila leja, hesabu zingalipo.

Ghala lina ufunguo, na ufunguo wa wingu ni nywila. Ikijulikana kwa katibu peke yake, siku akihama chama kizima hubaki nje ya hesabu zake. Ikibandikwa ukutani, ni vibaya zaidi, kwa kuwa majina, simu na akaunti za wanachama hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Yafaa kila mtumishi apewe nywila yake, na akiondoka ifutwe.

Ghala lina barabara pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, mtandao ukazorota nchini. Taarifa zilizomo katika seva za ng'ambo hazikupotea kwa hilo, ila kuzifikia kukawa shida. Nao Mei ni mwezi wa pamba. Kwa hiyo kitabu cha stakabadhi chenye kaboni kisitupwe. Mtandao usipokuwapo, mzani usisimame: kilo ziandikwe mbele ya mwanachama, apewe nakala yake, na mtandao urejeapo ziingizwe mara moja, mjumbe wa Bodi akilinganisha nakala na kilichoingizwa. Tarakimu moja ikisahauliwa, kilo 480 huwa 48, na wingu hulitunza kosa hilo kama linavyotunza hesabu sahihi. Mwanachama naye aombe kuonyeshwa jina lake na kilo zake kabla ya malipo kuandaliwa.