Kweli au Si Kweli: Lawama za Hatua za Mwisho

Mwanafunzi amemganda mwenzie mgongoni mizunguko mitatu. Kengele ya mzunguko wa mwisho inalia, anafyatuka, anampita hatua chache kabla ya utepe. Nusu ya uwanja inaruka kwa furaha. Nusu nyingine inalalama: "Kamwibia mwenzie huyo!" Kwenye viwanja vya mchanga vya Kibiti, msimu wa michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, unapowakutanisha watoto wa kandokando ya barabara ya Kilwa na wale wanaoletwa kwa boti kutoka delta ya Rufiji, watu wazima wengi wana maneno kama hayo, na huyasema kana kwamba ni sheria. Tuyapime.

"Kungoja nyuma kisha kumpita mtu mwishoni ni wizi." Si kweli.

Riadha haimlipi mtu kwa kuongoza njiani. Lakini Watanzania tuna sababu ya kufikiri hivyo, maana mashujaa tuliolelewa nao walikuwa watu wa kutangulia. Filbert Bayi, kule Christchurch Februari 1974, aliongoza fainali ya mita 1500 tangu bunduki ilipolia, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza bila kumfikia. Bayi huyohuyo, Moscow 1980, aliwaacha wenzake mbali katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, kisha Bronisław Malinowski wa Poland akamnasa mzunguko wa mwisho na kumwachia medali ya fedha. Juma Ikangaa naye alipenda kukaa mbele. Kwenye marathoni ya Boston 1988, Mkenya Ibrahim Hussein alimpiku mwishoni na kumshinda kwa sekunde moja tu, baada ya zaidi ya kilomita 42. Mtu aliyekulia kwenye simulizi hizo, anayechomoka nyuma lazima amwone mwizi.

Sasa chukua marathoni iliyokimbiwa Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Mtanzania Alphonce Simbu aliingia uwanjani Amanal Petros wa Ujerumani akiwa mbele yake, akaenda naye mpaka hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kamera ikawatenganisha kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha. Ajabu, siku ile sikumsikia mtu yeyote akilalama kwamba Mjerumani kaibiwa.

Adabu ipo, ila haiko kwenye kasi. Iko kwenye njia unayopita. Anayepita azunguke kwa nje, na asiingie mbele ya mwenzie kabla hajamwacha vya kutosha. Anayepitwa asitanue viwiko wala kuhama upande kumziba. Kwa hilo mwamuzi ana haki ya kumwondoa. Kibiti suala hili lina ugumu wake. Hadi mbio za alasiri zinafika, nyayo zimeshauchimba mchanga wa mwisho wa uwanja, na ukanda mgumu uliobaki ni mwembamba. Kila mtoto anautaka. Anayekimbia peku anaona pale pamekaza, anahamia bila kugeuza macho, mwenzie anajikwaa kwenye kisigino chake. Watazamaji nao wanazidi kusogea kuona vizuri mpaka wanabakiza kichochoro. Hapo wa kulaumiwa ni mwalimu ambaye hakuwarudisha watu nyuma, wala si mtoto aliyeongeza kasi.

"Mguu ukigusa mstari kwanza, umeshinda." Si kweli.

Wala si mguu, wala kichwa, wala mkono ulionyooshwa. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili, kikifika usawa wa ukingo wa mstari ulio upande wa anayekuja. Ndiyo maana wakimbiaji huinamisha kifua. Petros alianguka pale Tokyo, na kuanguka hakukumsaidia wala kumponza. Kamera ilitazama kifua tu.

Shuleni hakuna kamera. Kuna chokaa ambayo upepo unaipeperusha, na walimu wawili walioshika uzi. Uzi uwe laini na ushikwe usawa wa kifua cha watoto, maana ukipanda kidogo unakuwa usawa wa koo. Wanaoushika wauachie unapoguswa, wasiuvute. Na mwamuzi asisimame mbele akiwatazama wanaokuja. Asimame pembeni, jicho lake likifuata mstari. Kwa mbele, mrefu huonekana ametangulia hata kama hajatangulia, na ugomvi mwingi wa "mmempendelea" huanzia hapo.

"Kumwachia mwenzio ashinde ni uungwana." Inategemea, na mara nyingi si kweli.

Desemba 2012, mbio za nyika za Burlada, Hispania: Mkenya Abel Mutai aliyekuwa akiongoza alisimama kabla ya mstari akidhani ameshamaliza. Mhispania Iván Fernández Anaya alimfikia, akakataa kumpita, akamwelekeza mbele kwa ishara. Mutai alikuwa ameshashinda kwa miguu yake; alichokosa ni kuelewa alama za uwanjani. Ule ulikuwa uungwana.

Linganisha na nusu marathoni ya Beijing, Aprili 2024. Wakenya Robert Keter na Willy Mnangat, pamoja na Mwethiopia Dejene Hailu, walipunguza mwendo hatua za mwisho na kumpisha Mchina He Jie atangulie kwa sekunde moja. Mnangat alieleza kwamba walikodiwa kumwongozea kasi. Waandaaji waliwanyang'anya wote wanne medali na zawadi, He Jie akiwamo. Kwa hiyo kaka anayempunguzia mdogo wake kasi kwenye mashindano ya wilaya hamtendei wema. Anamdanganya mwalimu anayechagua timu ya mkoa, na kuna mtoto wa tatu anayekosa nafasi kwa mchezo huo.

"Ukimwinua aliyeanguka, mnaondolewa wote." Nusu kweli.

Kumsaidia mwenzio asimame tena kunaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kumkokota mpaka mwisho. Doha 2019, Braima Suncar Dabó wa Guinea-Bissau alimshikilia Jonathan Busby wa Aruba mpaka wakamaliza mita 5000. Aliyebebwa ndiye aliyeondolewa kwenye matokeo. Muda wa Dabó ulibaki.

"Hata kwenye jogging, mwenye nguvu achomoke." Si kweli.

Vikundi vya jogging vinakwenda kwa wimbo na mstari mmoja. Ukitaka kushindana, subiri siku ya mashindano.

"Mshindi akifika, mbio zimekwisha." Si kweli, na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote.

Mtanzania John Stephen Akhwari alifika wa mwisho katika marathoni ya Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde. Tunamkumbuka kwa fahari, kisha tunakunja uzi mtoto wa tisa akiwa bado kwenye kona. Watu wanavuka uwanja mbele yake, anaacha kukimbia kwa aibu.

Haraka hiyo ina sababu inayoeleweka. Watoto wa visiwa vya delta wanapaswa kurudi Nyamisati kupanda boti, na mikono ya mto haimngoji mtu: maji yakipwa, boti inakwama kwenye tope la mikoko. Lakini ratiba ya maji inajulikana tangu siku iliyotangulia. Mbio ndefu zianze asubuhi, mchanga ukiwa bado na umande na haujachimbwa, na zile za mita 100, ambazo ni suala la sekunde chache, zifanywe mwishoni. Boti itawahi, na wa tisa atamaliza uzi ukiwa bado umeshikwa.