Kati ya "Itaendelea" na "Ilipoishia": Nafasi ya Msomaji wa Sumbawanga katika Hadithi za Mfululizo za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wasomaji wanavyoitikia hadithi za Kiswahili zinazotolewa kwa mfululizo, na namna mwitiko huo unavyoweza kuiathiri hadithi ingali inaandikwa. Mjadala umejengwa kwa kuitazama Sumbawanga, mji ulio mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,000, na ambao katika masimulizi ya Watanzania umebebeshwa sifa ya uchawi. Hoja inayotetewa ni kwamba mamlaka ya msomaji wa hadithi ya mfululizo yamo katika kipindi cha kungoja kilichopo kati ya sehemu moja na inayofuata. Anayefikiwa na hadithi kwa kuchelewa huyakosa mamlaka hayo, hata kama yeye ndiye anayesimuliwa. Makala yanapendekeza kwamba mwitiko wa wasomaji uhifadhiwe na kuhakikiwa kama sehemu ya historia ya matini.

1.0 Utangulizi

Hadithi ya mfululizo hutambulika kwa alama zake mbili. Mwishoni mwa sehemu huandikwa "itaendelea", mara nyingi baada ya swali linalomwacha msomaji njia panda. Mwanzoni mwa sehemu inayofuata huandikwa "ilipoishia", kisha "sasa endelea". Wahakiki wengi huyapita maneno haya kana kwamba ni mapambo ya mhariri, na riwaya inapokusanywa kuwa kitabu, hufutwa. Hata hivyo, kati ya maneno hayo mawili pana siku moja, juma zima au mwezi, na katika muda huo wasomaji hawakai kimya. Hujadili, hubashiri, hulaumu na kuomba.

Nadharia ya Upokezi imetoa zana za kuuelewa muda huo. Hans Robert Jauss alisisitiza kwamba msomaji huifikia matini akiwa na upeo wake wa matarajio, uliojengwa na matini alizokwisha kuzisoma. Wolfgang Iser alieleza kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyaziba kwa ubunifu wake, na akabainisha kuwa wasomaji wa karne ya 19 mara nyingi walivutiwa zaidi na riwaya waliyoisoma sehemu kwa sehemu kuliko riwaya hiyohiyo ikiwa kitabu kizima. Lakini msomaji wa Iser huziba pengo akilini mwake tu. Matini iliyo mbele yake imekwisha kukamilika. Katika hadithi ya mfululizo ambayo bado inaandikwa, pengo liko wazi kwa mwandishi pia. Msomaji anaweza kuliziba kabla yake na kumweleza jinsi alivyoliziba. Swali linaloshughulikiwa hapa ni nani hasa hupata fursa hiyo.

2.0 Kutoka kwa Mtambaji hadi Gazetini

Mwitiko wa hadhira haukuanza na maandishi. Mtambaji anaposema "paukwa" hungoja "pakawa", na bila jibu hilo hadithi haianzi. Ufipa nayo ina hazina yake ya masimulizi. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960, aliichapisha sehemu ya hazina hiyo mwaka 1978 katika kitabu chake There Was a Certain Man. Katika utambaji wa aina hii, msimulizi na hadhira wako mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mtambaji akikosea jina la mlima au la ukoo, msikilizaji anaweza kumkatiza papo hapo, na sahihisho likaingia katika hadithi pasipo mtu kuona lilipoungwa.

Gazeti liliwatenganisha wawili hao bila kuukata uhusiano wao. Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilichapisha hadithi, barua za wasomaji na mashairi, na katika kurasa zake malenga walijibizana. Hivyo, msomaji wa Kiswahili alizoea mapema kuliona gazeti kuwa baraza la kutolea jibu. Baada ya vyombo vya habari vya binafsi kuongezeka katika miaka ya 1990, magazeti ya burudani yaliifanya hadithi ya mfululizo kuwa chambo cha wanunuzi. Makala ya Uta Reuster-Jahn katika Swahili Forum ya mwaka 2008, yaliyojikita katika hadithi za Eric James Shigongo, yaliwaonesha wataalamu kwamba uwanja huu unastahili uchunguzi wa kina. Kuenea kwa simu za mkononi kulimwezesha msomaji kumfikia mwandishi moja kwa moja, kwanza kwa ujumbe mfupi, kisha kwa mitandao ya kijamii ambako hadithi yenyewe sasa huwekwa.

Nguvu ya mwitiko si jambo la Afrika Mashariki peke yake, wala si kila mara hushinda. Charles Dickens alisihiwa na wasomaji asimuue Nell katika The Old Curiosity Shop (1840–1841), naye akamuua. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, na mwaka 1903, baada ya manung'uniko ya miaka mingi, akamrejesha akiwa hai. Katika visa vyote viwili, waliosikika walikuwa wale waliolipata jarida kwa wakati.

Sharti hilo la wakati ndilo linaloipa Sumbawanga umuhimu wake. Kabla ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga kutiwa lami katika miaka ya 2010, kilichochapishwa Dar es Salaam kilifika Ufipa kwa safari ndefu, ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Msomaji wa habari za michezo akipata gazeti la juzi hujua matokeo kwa kuchelewa, basi. Msomaji wa hadithi ya mfululizo akipata sehemu ya tano wakati ya sita imekwisha kuchapishwa, hoja yake kuhusu ya tano haina tena pa kuingilia. Anabaki kuwa mpokeaji, ilhali mwenzake wa Kariakoo ni mshiriki.

3.0 Aina za Mwitiko

Mwitiko wa wasomaji wa hadithi za mfululizo unaweza kugawanywa katika aina nne.

Ya kwanza ni mwitiko wa kudai. Msomaji huomba sehemu inayofuata: "mkuu, tushushie mwendelezo", au hulalamika kwamba ameachwa na "arosto", neno la mitaani linalotaja hamu ya mtu aliyezoea kitu kisha akakikosa. Mwitiko huu hauigusi fani moja kwa moja, lakini humfundisha mwandishi mahali pa kukata. Sehemu iliyoleta madai mengi huwa kielelezo cha sehemu zijazo. Baadhi ya waandishi huugeuza udai huo kuwa riziki: husimamisha hadithi kwenye kilele cha taharuki, kisha huwauzia wenye haraka sehemu zilizobaki kwa malipo ya simu.

Ya pili ni mwitiko wa kubashiri. Msomaji hutangaza atakayekuwa muuaji, au mtoto atakayebainika kuwa wa nani. Hapo mwandishi hutegwa. Akifuata ubashiri, ataambiwa hadithi yake inatabirika. Akiukwepa kwa nguvu, huenda akavunja mantiki ya msuko aliokwisha kuujenga.

Ya tatu ni mwitiko wa kuhukumu. Mhusika hujadiliwa kana kwamba ni jirani: mke huyu amekosea, baba yule hafai, binti arudi kwao. Kwa kuwa hadithi nyingi za aina hii huhusu ndoa, fedha na usaliti, uga wa maoni hugeuka baraza la maadili, na mara nyingi wasomaji huhitilafiana wao kwa wao zaidi ya wanavyohitilafiana na mwandishi.

Ya nne, ambayo haijapewa uzito unaostahili, ni mwitiko wa kusahihisha. Msomaji humwambia mwandishi kwamba basi la njia ile halipiti mji huu, kwamba hospitali haifanyi hivyo, kwamba watu wa kabila fulani hawaziki namna hiyo. Aina tatu za kwanza zinaweza kutolewa na yeyote aliyeisoma hadithi. Hii ya nne humhitaji anayepajua mahali panaposimuliwa. Kwa hiyo, hadithi inapotoka mijini ikaenda kupiga kambi pembezoni, sahihisho lake linategemea kama watu wa pembezoni wanaisoma, na wanaisoma lini.

4.0 Sumbawanga kama Mahali Panaposimuliwa

Katika mazungumzo ya kawaida ya Watanzania, Sumbawanga hutajwa pamoja na uchawi na radi ya kutumwa. Utani huo umeenea kiasi kwamba mwandishi anayetaka kutisha halazimiki kueleza chochote; kulitaja jina la mji kunatosha kuuamsha upeo wa matarajio wa wasomaji wake.

Jina lenyewe lina funzo la kiisimu. Kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi, limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Msemaji wa Kiswahili asiyejua Kifipa hulisikia nusu yake tu. "Wanga" analifahamu, kwa kuwa Kiswahili kina mwanga na wanga, watu wa uchawi wa usiku. "Sumba", yaani tupa, hupita bila kumgusa. Jina lililobeba wito wa kuukataa uchawi husikika kama tangazo la kuwapo kwake. Historia nayo inaunga mkono nusu isiyosikika: mwaka 1968 Willis alichapisha katika jarida la Africa uchunguzi wa Kamchape, vuguvugu la kupambana na uchawi lililopita Ufipa katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Hofu ya uchawi ilikuwapo, kama ilivyokuwapo katika jamii nyingi. Pamoja nayo palikuwapo juhudi ya watu ya kuuondoa.

Chukua mfano wa kubuni. Mwandishi aliyeko Dar es Salaam anampeleka mhusika wake Sumbawanga kumtafuta mganga. Katika sehemu ya nane, mhusika anashuka kwenye basi usiku, anakaribishwa na joto kali la mwambao wa ziwa, na kila anayekutana naye ana macho mekundu. Msomaji aliye Sumbawanga anaweza kusahihisha mambo ya viwango viwili. Kwanza ni mazingira: mji uko juu ya nyanda, si ufukweni, na usiku wa mwezi wa Juni au Julai mgeni huhitaji koti. Pili ni watu: waliomo katika mandhari hiyo ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, warithi wa kilimo cha matuta ya kufukia majani na wa mafundi waliojenga tanuu ndefu za kuyeyushia chuma. Hao wote wametoweka ili abaki mganga mmoja.

Sahihisho la kwanza ni rahisi kupokelewa. Mwandishi atamvika mhusika koti katika sehemu ya tisa. La pili ni gumu, kwa sababu linapingana na kile ambacho wasomaji wengi zaidi wanakifurahia. Hapa dhana ya Stanley Fish ya jumuiya za wafasiri inasaidia: wanaosoma "Sumbawanga" kama ishara ya kutisha na wanaoisoma kama anwani ya nyumbani ni jumuiya mbili, na hazilingani kwa idadi. Inaweza kutetewa kwamba mwandishi wa bunilizi ana uhuru wa kisanii. Utetezi huo ni wa haki, lakini uhuru hukamilika mtu anapochagua akijua. Mwandishi ambaye hajasikia upande wa pili hajachagua, amerithi tu.

Hivyo, simu ilipofupisha safari ya maandishi, haikuwaletea watu wa Ufipa burudani pekee. Iliwaweka ndani ya kipindi cha kungoja, mahali ambapo msikilizaji wa mtambaji alikuwa siku zote. Fursa hiyo ina mipaka yake. Maoni machache ya kusahihisha humezwa na mengi ya kudai, na anayesahihisha hujibiwa kwa utani uleule anaoupinga, kwamba asije akatuma radi.

5.0 Matini Ipi Ihakikiwe?

Hadithi ya mfululizo inapokuwa kitabu, mwitiko huachwa nje. Mhakiki anayekisoma kitabu hicho ataona mhusika amevaa koti katika sura ya tisa na kukisifu kwa uhalisia, asijue kwamba katika sura ya nane iliyochapishwa kwanza kulikuwa na joto, na kwamba mtu fulani alisema. Kinyume chake, ataona taswira ya mji ikibaki ileile na kudhani haikupingwa na yeyote.

Kwa sababu hiyo, uhakiki wa hadithi hizi unahitaji kulinganisha matoleo: sehemu kama zilivyotolewa, tarehe zake, maoni yaliyofuata kila sehemu, na kitabu kilichokuja baadaye. Magazeti huhifadhiwa maktabani, japo kwa mapengo. Maoni ya simuni hufutika upesi. Mtafiti anayeyakusanya ana wajibu wa kuwasitiri waliyoyaandika, kwa kuwa waliongea barazani bila kutarajia kunukuliwa katika tasnifu.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba msomaji wa hadithi ya mfululizo huwa na mamlaka kwa muda mfupi, kati ya "itaendelea" na "ilipoishia", na kwamba muda huo haukugawanywa sawa. Kwa miaka mingi umbali uliwafungia nje wasomaji wa miji kama Sumbawanga, huku miji hiyo ikiendelea kusimuliwa. Leo wanaweza kujibu sehemu ya nane kabla ya tisa kuandikwa. Ikiwa uhakiki wa Kiswahili utaendelea kukitazama kitabu kilichokamilika pekee, utaisoma hadithi kama wengi wanavyolisikia jina la mji huo: utasikia "wanga", na "sumba" itaupita.