Fahamu: Multikasti, na kifaa kinachoondoka bila kuaga

Tangu 2010 Pemba hupata umeme wa gridi kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari. Ukikatika ghafla mjini Chake Chake, kisiwani humo, kompyuta isiyo na betri hutoweka mtandaoni bila kuaga.

Multikasti ni nini?

Ni kutuma data mara moja kwa kundi la vifaa vilivyojiandikisha, mathalani video moja kwa skrini kumi. Mtaalamu wa mitandao Steve Deering aliiandikia kanuni mwaka 1989.

Tatizo liko wapi?

Tangu toleo la pili la itifaki ya IGMP inayosimamia makundi hayo, 1997, kifaa kinachojitoa kundini huweza kutuma ujumbe wa kuaga. Kikizimika ghafla, ujumbe hauendi. Ruta yenye betri huweza kusubiri hadi sekunde 260, kwa mpangilio wa kawaida, kabla ya kulifuta kundi, huku ikiendelea kutuma data. Ni sawa na kumpakulia chakula mgeni aliyekwisha kupanda boti bandarini Mkoani.

Mafundi huchunguzaje?

Kwenye Linux, amri ya `ip maddr show` huorodhesha makundi ya kila kadi ya mtandao, nayo `tcpdump` huonyesha kama ujumbe umetoka. Kosa la kuchekesha kidogo: wakati mwingine programu ya kifaa huzima kadi kwanza, kisha ndipo ijaribu kuaga.