Bwana Chui: kwa nini aliyekataa matabisi anaitwa shahidi

Wakristo wengi wamezoea kwamba shahidi ni mtu aliyekataa kumkana Yesu. Floribert Bwana Chui hakuombwa hivyo. Aliombwa tu aachilie mzigo upite.

Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akapata kazi kwenye OCC, ofisi ya serikali inayopima ubora wa bidhaa. Pale mpakani walitaka kumpa makuta ili vyakula vilivyoharibika viingie sokoni. Akakataa. Mwezi wa 7 mwaka 2007 alitekwa nyara, akauawa. Alikuwa na miaka 26 tu.

Sasa, hiyo si mambo ya biashara? Kanisa Katoliki lilichunguza sababu ya kukataa kwake. Alikuwa mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa maibobo wa Goma, na kwake, kulisha watu sumu na kumfuata Kristo haviendi pamoja. Muuaji hata asipotaja dini, akichukia tendo linalotoka katika imani, huyo amechukia imani yenyewe. Ndiyo maana tarehe 15/6/2025, huko Roma, alitangazwa Mwenye Heri.

Hapa Bukavu jambo hilo linagusa Ruzizi, bandari, duka la dawa: siku ya yenga tunaimba, kazi moja tunafunga macho.

Kwa kuwa ni shahidi, muujiza haukuhitajika ili aitwe Mwenye Heri. Kuitwa Mtakatifu, kwa kawaida unahitajika mmoja.