Pale Macho Yanapotua: Mafunzo ya Juu ya Tiba ya Kiwewe na Mzigo wa Istilahi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii tumezoea kuifunza darasani kama wasia wa tahadhari, ilhali ndani yake mna maelezo kamili ya maradhi. Nyoka hayupo tena. Kilichopo ni unyasi tu. Aliyetafunwa analijua hilo, na akiulizwa atakiri. Hata hivyo, mwili wake hushtuka kabla akili haijapata fursa ya kuupasha habari. Hali hii ya mwili kuendelea kuishi ndani ya tukio lililokwisha kupita ndiyo inayoitwa kiwewe katika maandishi ya ushauri nasaha nchini Kenya. Si hali ngeni kwetu. Walionusurika shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mauaji ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wanaifahamu bila kuhitaji kamusi.

Mwandishi wa makala haya ni mwanafunzi wa fasihi, wala si mwanasaikolojia. Aliingia katika mada hii kwa kuombwa msaada. Mshauri nasaha mmoja, aliyekuwa akijiandaa kwa mafunzo ya hatua ya pili ya tiba iitwayo Brainspotting, alileta karatasi ya maelezo anayosomewa mteja kabla ya kikao cha kwanza, akataka iandikwe kwa Kiswahili. Kazi iliyodhaniwa kuwa ya jioni moja ilichukua majuma matatu, kwa sababu haiwezekani kukipa jina kitu ambacho mwenye kukiita hakielewi. Makala haya basi yanadhamiria kueleza tiba hiyo ni nini, mafunzo yake ya juu humfunza tabibu jambo gani, na ni kwa nini uteuzi wa istilahi katika uwanja huu si suala la madaha ya lugha bali la haki ya mgonjwa.

Asili ya Tiba Hii

Tiba tunayoizungumzia ina mtangulizi wake. Mnamo mwaka wa 1987, mwanasaikolojia Mmarekani Francine Shapiro alitambua kwamba mawazo yaliyomsumbua yalipungua makali macho yake yalipokuwa yakienda upande huu na upande ule. Kutokana na hilo alibuni tiba ijulikanayo kwa kifupi kama EMDR, ambamo mgonjwa hulikumbuka tukio huku akiufuata kwa macho mkono wa tabibu. Utafiti wake wa kwanza ulichapishwa mwaka wa 1989.

David Grand, tabibu wa nafsi wa New York, alikuwa miongoni mwa waliotumia na kufundisha EMDR. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka wa 2003 alikuwa akimhudumia binti mchezaji wa kuteleza barafuni aliyeshindwa kabisa na mruko mmoja wa kuzunguka mara tatu hewani. Grand alipokuwa akivipitisha vidole vyake polepole mbele ya macho ya binti huyo, macho yalitikisika kisha yakaganda mahali pamoja. Badala ya kuendelea, aliusimamisha mkono pale pale. Kwa dakika kadhaa binti alimiminikwa na kumbukumbu ambazo hazikuwa zimejitokeza katika vikao vyote vilivyotangulia. Siku iliyofuata aliarifu kwamba ameufanya mruko ule bila taabu.

Tofauti kati ya tiba hizi mbili inabainika hapo. EMDR huyatembeza macho. Tiba ya Grand huyatuliza mahali pamoja. Msingi wake ni dai kwamba mahali mtu anapoelekeza macho huathiri jinsi anavyohisi.

Jinsi Kikao Kinavyoendeshwa

Mteja huanza kwa kulitaja jambo linalomsumbua, kisha huulizwa linamsumbua kwa kiasi gani, kuanzia sufuri hadi kumi, na analihisi wapi mwilini: kifuani, kooni au tumboni. Baadaye tabibu hukipitisha kijiti polepole mbele ya macho ya mteja, akitafuta mahali pa kutua. Njia za kupatafuta mahali hapo ni tatu.

Ya kwanza huitwa dirisha la nje. Tabibu huuchunguza mwili wa mteja kwa makini ili aone ishara zisizotawaliwa na hiari: kope kupepesa ghafla, mate kumezwa, pumzi kukatika, misuli ya uso kucheza. Ishara ikitokea, kijiti husimama. Ya pili ni dirisha la ndani, ambapo mteja mwenyewe husema ni wapi anapohisi uzito zaidi au nafuu zaidi. Ya tatu haihitaji kijiti: tabibu hutambua mahali ambapo macho ya mteja huenda yenyewe anaposimulia. Kila mmoja wetu amewahi kumwona mtu akizungumza huku amekodolea pembe ya ukuta, kana kwamba maneno yake yameandikwa pale.

Macho yakishatua, mteja huachwa ayafuate yatakayojiri ndani yake: picha, hisia, maumivu, au kimya kitupu. Mara nyingi huvaa visikizi vyenye muziki wa upole unaohama kutoka sikio moja hadi jingine. Kipimo cha sufuri hadi kumi hurudiwa baadaye ili ijulikane kama uzito umepungua.

Mafunzo ya Hatua za Juu

Mafunzo haya kwa kawaida hutolewa kwa watu ambao tayari ni wataalamu wa afya ya akili. Hayamwumbi tabibu kutoka sufuri. Hatua ya kwanza, ambayo kwa kawaida huchukua siku tatu, hushughulikia misingi tuliyokwisha kuieleza. Washiriki hutazama kikao kikiendeshwa mbele yao, kisha hufanyiana wao kwa wao, leo huyu akiwa tabibu na yule mteja. Utaratibu huu una hekima yake, kwa kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Hatua ya pili ndiyo mlango wa mafunzo ya juu. Humo tabibu hujifunza kufanya kazi na jicho moja huku jingine limefunikwa, kwa kuwa mteja huenda akahisi dhiki zaidi kwa jicho moja kuliko kwa jingine. Aidha, hujifunza kuzingatia kina: macho yanaweza kutua pa karibu, kwenye ncha ya kijiti, au pa mbali, ng'ambo yake ukutani, na athari zikatofautiana. Fauka ya hayo, hufunzwa jinsi ya kumhudumia mteja aliye dhaifu mno kiasi kwamba kuligusa jambo lenyewe moja kwa moja kungemzamisha. Kwa mteja wa namna hiyo, hutafutwa kwanza sehemu ya mwili iliyo tulivu, hata kama ni nyayo tu, na macho hutuzwa mahali panapoupa utulivu huo nguvu. Baada ya hapo zipo hatua ya tatu, ya nne na madarasa ya umahiri. Anayetaka kuidhinishwa hahitimu kwa kuhudhuria tu. Hutakiwa kuwa ametimiza angalau saa 50 za vikao na wateja, pamoja na saa 6 za kushauriana na mjuzi aliyemtangulia.

Orodha hii ya mbinu inaweza kumpoteza msomaji. Akidhani kwamba kupanda ngazi ni kuongeza vifaa mkobani, atakuwa ameambaa kiini. Jambo linalosisitizwa kuanzia siku ya kwanza hadi darasa la mwisho ni kile tunachoweza kukiita usikivu wa pande mbili: tabibu awe pamoja na mteja kama binadamu, na papo hapo awe pamoja na ishara za mwili wake. Grand hutumia sitiari ya nyota yenye mkia. Mteja ndiye kichwa cha nyota. Tabibu hukaa mkiani, akifuata bila kujua nyota inaelekea wapi. Haruhusiwi kutangulia, kufasiri, wala kumkamilishia mteja sentensi.

Kwa mtu aliyesomea kusema, hili ni gumu kupindukia. Mshauri nasaha tuliyemtaja alikiri kwamba katika mazoezi yake hakutatizwa na kijiti wala na jicho la kufunikwa. Alitatizwa na ulimi wake. Kila kimya kilipozidi dakika mbili alijiona mvivu asiyestahili malipo. Ni dhahiri basi kwamba mafunzo ya juu katika tiba hii ni mafunzo ya kujizuia. Kadiri tabibu anavyopanda, ndivyo maneno yake yanavyopungua.

Je, Ushahidi Unasemaje?

Kujizuia huko hakuna budi kuvuka mipaka ya chumba cha kikao na kufika kwenye madai yanayotolewa nje. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2013, liliipendekeza EMDR pamoja na tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe. Tiba ya Grand haikuwemo. Maelezo kwamba macho yaliyotua hufikia sehemu za chini za ubongo, zile zisizoongozwa na lugha, yalitolewa na Grand na mwenzake Frank Corrigan mwaka wa 2013 kama nadharia tete, yaani dhana inayosubiri kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 uliilinganisha tiba hii na EMDR na kuona dalili zikipungua kwa makundi yote mawili. Lakini wateja hawakugawanywa kwa njia ya nasibu, na Grand mwenyewe alikuwa mmoja wa watafiti.

Hatusemi kwamba tiba hii haifai. Tunasema kwamba shuhuda za waliopata nafuu ni nyingi kuliko tafiti zilizofanywa kwa udhibiti madhubuti, na kwamba mteja anayo haki ya kulijua hilo kabla hajaketi. Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 iliweka msingi wa kuwasajili watoaji wa huduma hizi. Cheti cha mafunzo ya siku tatu hakichukui nafasi ya usajili huo.

Mzigo wa Istilahi

Tufikie sasa kwenye karatasi ya mshauri wetu. Rasimu ya kwanza ya mwandishi ilifuata jina la kigeni neno kwa neno, ikazungumzia kukaza macho ili kuliona doa la ubongo. Alimsomea shangazi yake, mama wa makamo asiyekosa swali. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Mwanangu, ubongo wangu mimi una doa gani? Na mtu huyo ni daktari au ni mfanya kiinimacho?”

Maswali hayo mawili yaliivunja rasimu nzima, na kwa haki. Doa kwa Kiswahili ni alama ya uchafu au aibu. Kumwambia aliyedhulumiwa kwamba ana doa ni kumjeruhi mara ya pili. Kukaza macho nako ni ishara ya ukali au ujeuri. Zaidi ya hayo, jicho katika lugha yetu lina ndugu wengi wa kutisha: kijicho, jicho la husuda, kiinimacho. Istilahi isiyochunga njia itamfikisha mteja kwa mganga wa mazingaombwe ilhali alikusudia kwenda kwa mshauri.

Pendekezo la makala haya ni kituo cha macho, na tiba yenyewe iitwe tiba ya kituo cha macho. Kituo kinatokana na kitenzi tua, ambacho hubeba maana ya kushuka, kupumzika na kuweka mzigo chini. Wanafunzi wa ushairi wanakijua kituo kama mshororo unaoufunga ubeti, na wasomaji wote wanavijua vituo kama mahali pa kuvuta pumzi. Neno halidai kwamba ubongo una doa, wala kwamba kuna miujiza. Linasema tu kinachoonekana, yaani macho yametua. Sehemu tulivu ya mwili tunapendekeza iitwe egemeo.

Neno la mwisho lililotushughulisha ni dogo zaidi. Karatasi ya awali ilisema kwamba tiba hii huponya kiwewe. Kiswahili kinatofautisha kutibu na kuponya: kutibu ni tendo la tabibu, kuponya ni tokeo ambalo hakuna tabibu awezaye kuliahidi. Mshauri alisita, kwa kuwa neno la pili huvuta wateja zaidi. Hatimaye alilifuta, akaandika kwamba tiba hii imewasaidia baadhi ya watu, kwamba utafiti wake ungali mchanga, na kwamba mteja anaweza kusimamisha kikao wakati wowote.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mafunzo ya juu ya tiba ya kituo cha macho hulenga kumfanya tabibu afuate badala ya kuongoza, na anyamaze pale ambapo zamani angesema. Iwapo maneno ya tabibu ni machache, basi yale machache anayoyatamka kabla ya kikao yana uzito mkubwa, na yapaswa kuwa katika lugha anayoielewa mteja. Hapo ndipo sisi wana-Kiswahili tunapohitajika. Tusikae vyumbani tukibuni istilahi kisha tuwatupie wataalamu. Tuketi nao, na tuwasomee rasimu shangazi zetu kabla ya kuzichapisha. Karatasi ya mshauri ilipokamilika ilikuwa na aya nne. Shangazi aliisikiliza tena, hakuuliza swali, akasema tu kwamba yupo jirani yake ambaye angependa kusomewa.